Bomba la Ukuta wa Nyuma

3 Februari

Kaka,

Dereva wa lori la saruji anaondoka saa nne, kwa hiyo salamu nazifupisha. Mimi mzima, mama yuko vilevile. Mkono wa kulia haunyanyuki na maneno hayatoki, ila anakula vizuri, na macho yake yananifuata chumba kizima kama ya mwalimu wa zamu.

Ninachokuandikia ni maji. Tangu wiki iliyopita yamekosa nguvu. Yangekatika ningejua moja, lakini haya yanakuja kwa kujivuta. Natega ndoo jikoni, naenda kushona kola nzima ya shati la shule, nikirudi haijafika nusu. Bomba la mvua la bafuni limekuwa kama pua yenye mafua. Majirani wa mbele wanasema hata kwao yamepungua kidogo tangu maghorofa mapya ya huko chini yaunganishwe, lakini si kama kwetu.

Hali ya mama unaijua. Mashuka ni kila siku, na yeye mwenyewe lazima aoshwe asubuhi na jioni. Daktari alinionya kwamba mtu anayelala muda wote akikaa na unyevu, ngozi inachunika. Mwaka mzima tangu nirudi kumuuguza sijakubali hilo litokee, na sitaki lianze sasa kwa sababu ya bomba.

Wewe ndiye fundi wa nyumba hii, kila bomba ulililaza kwa mikono yako. Niambie nifanye nini. Najua huko kambini mtandao hakuna, basi nijibu kwa dereva huyuhuyu.

Mdogo wako

11 Februari

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma nikiwa kwenye matope mpaka magotini, wenzangu wakadhani ni mapenzi kwa jinsi nilivyoishika. Sikiliza sasa, na usiogope spana, haing'ati.

Kwanza nenda kwenye mita, pale nje kwenye kile kisanduku cha zege. Pembeni yake kuna koki kubwa ya mduara. Izungushe kinyume cha saa mpaka ikatae. Mara nyingi msoma mita huigusa akaiacha nusu. Kama imefunguka yote, ifunge, kisha fungua midomo ya mabomba, la jikoni na la bafuni. Ndani utakuta kichujio kidogo kama kipande cha chandarua. Kikiwa na mchanga, kilaze kwenye siki kwa muda wa saa mbili, kisugue kwa mswaki wa zamani. Maji yakikurukia usoni, ujue ulisahau kufunga koki, na usimwambie mtu kuwa mimi ndiye mwalimu wako.

Fundi usimwite. Mafundi wa hapo mtaani wakiona mwanamke yuko peke yake wanamfumulia nyumba nzima. Sakafu na ua visiguswe.

Mwambie mama namuwaza. Akikukazia macho, usidhani ni ukali.

Kaka yako

19 Februari

Kaka,

Nimefanya yote. Koki ilikuwa wazi mpaka mwisho. Vichujio vilikuwa na mchanga wa kujaza kijiko, nimevisugua mpaka vinang'aa. Maji yalinirukia usoni, ndiyo, na mama akacheka. Lakini nguvu haijarudi.

Kuna jambo jingine. Yule fundi wa mtaa wa pili wanayemwita Spana aliniletea suruali nimpunguzie kiuno. Hakugusa kitu, usinikasirikie. Aliniambia tu nifunge kila bomba ndani ya nyumba, nikae mbele ya mita, niangalie ule mshale mwekundu. Nimekaa robo saa nzima kwenye kigoda. Mshale unazunguka, Kaka. Hakuna tone linalotoka ndani, na bado unazunguka. Spana anasema kuna mahali maji yanatoka kabla hayajatufikia. Anataka kuchimba kufuata bomba kutoka kwenye mita. Nimemwambia angoje neno lako.

Mke wa marehemu Kipimo alipita jana kumwona mama. Nilimlalamikia maji, akanisaidia kumgeuza mama, akaaga haraka. Huyu jirani yetu wa nyuma, tangu mumewe afukiwe na mtaro, ameishiwa maneno. Kabinti kake ka miaka minne kaliokota kifungo chini ya cherehani, kakampa mama kwenye kiganja kile kizima. Mama hakukiachia mpaka jioni.

Nijibu upesi. Mgongo wa mama una wekundu ambao siupendi.

Mdogo wako

27 Februari

Mdogo wangu,

Mita ile ni kongwe kuliko wewe. Hewa ikiingia ndani mshale unazunguka wenyewe, nimeliona hilo mara nyingi. Spana anatafuta kazi tu.

Tafadhali usichimbe. Hasa upande wa ukuta wa nyuma, kwa sababu msingi wake niliujenga juujuu na ukiguswa utalala. Nitapewa likizo mwezi wa nne, nitakuja nishughulike mwenyewe. Kwa sasa teka alfajiri kabla watu wa maghorofani hawajaamka, jaza pipa, umuoshee mama kwa pipa hilo.

Jirani wa nyuma msalimie. Usimchoshe na habari za maji, ana yake ya kutosha.

Kaka yako

10 Machi

Kaka,

Utanisamehe, lakini sikungoja mwezi wa nne.

Alfajiri nilikuwa nateka ndoo mbili tu, tatu nikibahatika. Wekundu wa mama ulichubuka, kisha ukafunguka. Sasa ana kidonda mgongoni ambacho kingemeza kidole changu cha gumba. Muuguzi alikuja, akakitazama, akaniuliza huwa namuosha kwa nini, kwa kitambaa kikavu? Nilisikia aibu ambayo sijawahi kuisikia. Alipotoka nilikwenda moja kwa moja kwa Spana.

Alichimba kuanzia kwenye mita akifuata bomba mpaka ukuta wa nyuma. Mama alianza kulia tangu sururu ilipogonga mara ya kwanza. Alipiga kitanda kwa mkono mzima, akatoa ile sauti yake isiyo na maneno. Nilidhani kelele zinamsumbua, nikafunga dirisha.

Hapo ukutani, karibu mita moja chini, kuna kiungo cha njia tatu. Njia moja inakuja kwetu, moja inatoka kwenye mita, na ya tatu inapita chini ya ukuta kwenda nyumba ya nyuma. Spana aliisifu, akasema aliyeifunga si mwizi wa kubahatisha, ni fundi hasa. Aliikata, akaiziba. Nilifungua bomba jikoni, kikombe kikaruka mkononi. Jioni hiyo nilimuosha mama kwa maji yanayotiririka, na mashuka yakakauka kabla jua halijazama.

Kisha nikaenda kwa mke wa Kipimo. Sikwenda kwa upole, sitakudanganya. Nilimwambia mbele ya majirani kwamba mama yangu ameoza mgongo yeye akifulia maji yetu. Nilitegemea abishe. Aliniuliza kitu kimoja tu.

"Kaka yako anajua?"

Nikamwambia, "Angejua, ungekuwa ulishalala polisi."

Akageuka, akaingia ndani. Mwenyekiti wa mtaa nimemwarifu. Alimwita mbele ya watu, na huko nako hakujibu.

Najua Kipimo alikuwa rafiki yako. Lakini urafiki gani huo wa mkewe kumkausha mama yako? Sasa umejua kilichokuwa kinakula maji, na ukuta haukulala.

Mdogo wako

12 Machi

Mdogo wangu,

Naandika bila kungoja jibu lako. Mvua imeanza huku na malori yanakwama.

Kama bado hujachimba, usichimbe. Kama maji ni machache mno, kodi mtu akubebee, nitamlipa mimi. Kuna jambo la nyumba hiyo nitakueleza tukikaa ana kwa ana. Si la kuandika.

Kaka yako

29 Machi

Mdogo wangu,

Dereva amefika jana baada ya siku tisa njiani, na nyuma yake daraja limekwenda na maji. Barua yangu ya tarehe kumi na mbili bado ilikuwa hapa, haijapata wa kuichukua. Yako ya tarehe kumi nimeisoma mara moja, nikashindwa kuirudia.

Rudisha lile bomba leo hii. Usisome hata mstari unaofuata kabla hujamtuma mtu kwa Spana.

Niliyelifunga ni mimi. Shemeji, mke wa Kipimo, hakuiba. Ile njia ya tatu niliilaza Jumapili moja miaka mitatu iliyopita, mwezi mmoja baada ya kumzika Kipimo. Unajua alikuwa fundi bomba ambaye nyumba yake haikuwa na bomba. Kila siku alisema ataiunganisha akipata nafasi. Nilimwambia shemeji kwamba natimiza ahadi ya mumewe, na asimwambie mtu yeyote, kwa sababu shirika la maji likijua litatukatia sote. Nilimwapisha. Kwa hiyo ulipomtukana alikuwa analinda neno langu.

Ungekuwa wema mtupu ningekueleza siku ya kwanza. Haukuwa wema.

Mtaro uliomuua Kipimo ulikuwa na kina cha mtu na nusu. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili. Aliingiza mkono kwenye ukuta wa mtaro, ukatoka umelowa, akaniambia, "Fundi, udongo huu unalia. Tungoje mbao." Mbao za kuzuia zilikuwa upande mwingine wa kazi, na msimamizi alitaka bomba liwe limeungwa kabla ya saa sita. Nikamwambia ni dakika kumi tu. Akasita. Nikamwambia, "Basi toka nishuke mimi, mwanamume gani anaogopa tope?" Watu walicheka. Akashuka.

Alasiri, kabla sijanawa, wakubwa wa kampuni waliniketisha mbele ya meza. Msimamizi akauliza kama Kipimo alishuka mwenyewe. Walinipa muda wa kutosha kusema kweli. Nikasema, "Nilimkataza." Wakaandika, nikatia saini. Kwa sentensi hiyo moja mkewe aliambiwa mumewe alijiua kwa ukaidi, na kampuni haihusiki.

Mtu pekee niliyemwambia ni mama. Aliniona nikichimba pale ukutani, akaja akasimama mpaka nikasema yote. Sasa umejua alikuwa analilia nini siku ile ulipofunga dirisha.

Nilipopata kazi huku mbali niliishukuru, kwa sababu sikupaswa tena kuamkiana na shemeji kila asubuhi. Maji yalipopungua nilijua tangu barua yako ya kwanza. Nguvu iliyotosha nyumba mbili zamani haikutosha tena. Ningekuambia ufunge njia ya nyuma kwa zamu, saa kadhaa kwao, saa kadhaa kwetu, na kidonda cha mama kisingekuwepo. Badala yake nilikufundisha kusugua vichujio.

Mwombe radhi kwa niaba yangu mpaka nitakapofika.

Kaka yako

17 Aprili

Kaka,

Barua zako mbili zimefika pamoja juzi, dereva alizivusha kwa kamba maji yalipopungua, lori akaliacha ng'ambo. Nilifanya ulivyosema. Nilisoma mpaka kwenye jina la Spana, nikamtuma mtu kwake, kisha nikakaa chini kusoma yaliyobaki. Nimechelewa kukujibu siku mbili kwa sababu sikujua naanzia wapi. Naanzia pale nilipoikata.

Baada ya aibu ile ya mwenyekiti, mke wa Kipimo hakuomba maji kwa jirani yeyote. Nani angempa? Nilikuwa nimeshamwita mwizi kwenye kila mlango. Akawa anachota kwenye shimo la wafyatua matofali, kule mabondeni. Nilimwona akipita na ndoo, Kaka. Nilimwona kila asubuhi kutoka kwenye cherehani yangu, na nikajisemea moyoni, ajifunze.

Mvua ilipokuja ilijaza lile shimo kila uchafu wa bonde. Tarehe ishirini na nane Machi kabinti kalianza kuhara na kutapika. Tarehe thelathini kakawa hakashiki hata maji ya kijiko. Alikabeba mgongoni mpaka hospitali, foleni ikawa ndefu, wakakatundikia maji ya mshipa yakiwa hayana tena pa kuingia. Tarehe mbili alfajiri kakafariki.

Wanawake wa mtaa walipokuja kuuosha mwili, ndani ya nyumba hapakuwa na maji safi hata ya kujaza beseni. Mmoja akaja kugonga kwangu. Nilijaza ndoo mbili jikoni, zikajaa kwa dakika moja, nikazibeba mwenyewe. Mama wa mtoto alinipokea kwa mikono yote miwili na kusema asante. Wakati huo sikuwa nimesoma barua yako. Nilidhani ninatenda wema, nikarudi nyumbani nikiwa nimejisamehe kidogo. Naandika hili ili ujue ulinifanya mtu wa namna gani, na ujue pia kwamba sehemu kubwa nilijifanya mwenyewe.

Mgongo wa mama unapona. Nyama mpya imejaa, muuguzi amenipongeza. Sijui niifanyie nini furaha hiyo.

Dereva amenieleza jambo jingine. Anasema daraja lilipokwenda, wachomeleaji wawili wa kambi yenu walivuka kwa kamba tarehe hiyohiyo thelathini, wakatembea siku moja, wakapata gari. Sikuulizi kwa nini hukuwa wa tatu. Sidhani ungefika kabla kabinti hakajafariki. Lakini nimelijua, na sitajifanya sikulijua.

Spana amerudisha kiungo jana. Bomba la nyuma lina maji. Mke wa Kipimo bado hajalifungua.

Barua yako nimempelekea. Nilitaka kumsimulia kwa mdomo nikashindwa, nikaiweka mezani. Aliisoma yote mbele yangu, akaikunja, akaniomba karatasi na kalamu. Aliyoandika nimeyafunga hapa bila kuyasoma.

Mdogo wako

17 Aprili

Shemeji,

Sijui kama nikuite hivyo, lakini nimezoea.

Dada yako ameniomba radhi kwa magoti. Nimemwinua. Yeye aliumia kwa ajili ya mama yake na hakujua kitu. Nami naumia kwa ajili ya mwanangu, kwa hiyo ninamwelewa. Wewe ulijua.

Habari za maji nitaziacha. Nataka kukuambia habari ya mume wangu. Miaka mitatu nimemkasirikia. Siku ya kumzika sikulia, watu wakadhani nimepigwa na bumbuwazi, kumbe nilikuwa na hasira. Waliniambia fundi alimkataza, akashuka kwa kiburi, akaniacha na mtoto wa mwaka mmoja. Nililiamini hilo. Mtoto alipouliza baba yake yuko wapi, nilimjibu kuwa baba yake hakusikia la mtu. Kila alipokaidi kula nilimwambia ana kichwa cha baba yake. Amekufa akijua hivyo. Baba yake alitaka kungoja mbao, na mwanawe hakuambiwa.

Ulipokuja kuniletea bomba nilikuombea dua. Nilikutaja kabla ya kumtaja marehemu.

Sitaki maji yako, na sitaki uje kulia kwangu. Nataka yale maneno uliyoyasema mbele ya ile meza uyafute mbele ya meza ileile, kwa saini ileile. Na nataka uniandikie kila alichosema siku ile, hata kama ni kidogo. Wewe ndiye mtu wa mwisho aliyezungumza naye. Umekaa na maneno yake miaka mitatu, na yalikuwa ya kwangu.

Mke wa Kipimo

26 Aprili

Shemeji,

Nakujibu lile la pili kwanza.

Asubuhi ile alifika kabla yangu. Alikuwa amebeba chai kwenye chupa, akaniambia umemfokea kwa kusahau kufunga mlango, na kwamba ukifoka unapendeza, ila nisikuambie. Tulipokuwa tunateremsha bomba aliniambia mtoto ameanza kusimama kwa kushika kiti, akaonyesha kwa mikono jinsi magoti yake yanavyotetemeka. Alisema Jumamosi ataomba ruhusa aje aunganishe maji nyumbani, kwamba vipande vyote ameshavipata, kimebaki kiungo kimoja. Kisha akagusa udongo na kusema unalia. Alisema tungoje mbao. Alisema mara mbili, katika barua ya dada yangu niliandika mara moja. Nilipomtania na watu wakacheka, hakucheka. Alinipa saa yake ya mkononi nimshikie isiingie tope, akasema, "Dakika kumi, Fundi, halafu unanipandisha." Baada ya hapo hakusema kitu, alikuwa anafanya kazi. Ilikuwa kama dakika sita.

Saa uliyokabidhiwa ilitoka mfukoni mwangu. Nilisema tuliikuta juu ya udongo.

La kwanza nimelitenda. Yule msimamizi sasa ni mkubwa wa kazi hii ya huku. Nilimpelekea maelezo mapya jana, kurasa mbili. Alisoma, akaniuliza kama najua yatanifikisha wapi, akanishauri nikalale nifikirie. Nikamwomba atie muhuri wa kupokea. Alikataa. Leo nimempa nakala dereva aipeleke ofisi ya mashitaka, na nyingine iko ndani ya bahasha hii. Hiyo ni yako, mwonyeshe yeyote utakayetaka. Mchana nimefutwa kazi.

Wachomeleaji walipovuka walinishikia ncha ya kamba, wakaniita. Niliogopa maji, na niliogopa zaidi kukuona. Hilo sikuwa nimemwandikia mtu.

Daraja la muda limekamilika. Naondoka Jumatatu. Umesema nisije kulia kwako, na sitalia. Lakini wapelelezi watakuja kuniuliza maswali, na nataka waniulize ukiwa umekaa hapo unasikia, ili nikipunguza neno unisahihishe. Nitabisha kwako kabla ya kubisha kwa mama yangu. Ukikataa kufungua, nitakaa nje, barazani, waje wanikute hapo.

Fundi